Upungufu wa timu na mahitaji ya usajili: Mjadala wa Milanzi na funzo la Uwanja wa Nelson Mandela

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

MSIMU wa Ligi Kuu Tanzania Bara wa 2020/21 uliwaletea wakazi wa Sumbawanga soka la ngazi ya juu hadi mlangoni. Katika msimu huo Tanzania Prisons ya Mbeya iliutumia Uwanja wa Nelson Mandela mjini hapa kuwa uwanja wake wa nyumbani, na vigogo wa Dar es Salaam, Simba na Yanga, wakalazimika kupanda nyanda za juu za Ufipa kusaka pointi.

Hakuna aliyeondoka na pointi tatu. Oktoba 22, 2020 Simba, ambayo ilikuwa bingwa mtetezi, ilifungwa bao 1-0, mfungaji akiwa Samson Mbangula mapema kipindi cha pili. Desemba 31 mwaka huohuo Yanga ililazimishwa sare ya 1-1.

Matokeo hayo mawili yanafaa kuwa mfano wa mjadala usiokwisha katika kata ya Milanzi na kwingineko katika Manispaa ya Sumbawanga: timu ina upungufu gani, na imsajili nani ili kuuziba? Mjadala huo huendeshwa kwenye vijiwe vya bodaboda, sokoni na katika mabanda ya kuonyeshea mpira, maarufu kama vibanda umiza, ambako shabiki wa Simba na wa Yanga hukaa benchi moja na kuitana mtani.

Mara nyingi mjadala huo huishia kwenye jibu moja: asajiliwe mshambuliaji. Lakini kumbukumbu za misimu iliyofuata zinaonyesha kuwa timu zilizofanikiwa zilianza kwa kujiuliza swali jingine, nalo ni aina gani ya upungufu inayozikabili.

Aina tatu za upungufu

Upungufu wa timu unaweza kugawanywa katika mafungu matatu. La kwanza ni la nafasi isiyo na mtu anayestahili, kama vile timu inayomlazimisha kiungo kucheza beki wa kushoto kwa sababu haina beki wa kushoto. La pili ni la nafasi yenye mtu mmoja mzuri asiye na mbadala. Akiumia au akipata kadi, timu yote hutetereka. La tatu ni la nafasi yenye watu wa kutosha ambao mwalimu anawatumia visivyo, au ambao wamechoka kwa safari na wingi wa michezo.

Usajili hutibu mafungu mawili ya mwanzo tu. La tatu hutibiwa kwenye uwanja wa mazoezi, na klabu inayojaribu kulitibu kwa fedha za usajili hujikuta ina wachezaji wengi na tatizo lilelile.

Ugumu wa mjadala wa mashabiki ni kwamba mafungu yote matatu hutoa matokeo yanayofanana. Timu isiyo na mfungaji, timu ambayo mfungaji wake ni majeruhi, na timu ambayo mfungaji wake hapelekewi mipira, zote huishia sare ya bila kufungana. Anayetazama ubao wa matokeo peke yake hawezi kuzitofautisha.

Simba iliyofungwa Sumbawanga

Kipigo cha Oktoba 22 hakikuja peke yake. Siku nne baadaye, Oktoba 26, Simba ilifungwa tena 1-0 na Ruvu Shooting jijini Dar es Salaam. Bingwa mtetezi alikuwa amepoteza michezo miwili mfululizo bila kufunga hata bao moja, na wengi waliona kuwa tatizo lilikuwa safu ya ushambuliaji.

Msimu ulipomalizika, takwimu zilisema vinginevyo. Simba ilitwaa ubingwa ikiwa na pointi 83 katika michezo 34. Ilifunga mabao 78 na kufungwa 14. Mfungaji bora wa ligi alikuwa nahodha wake, John Bocco, aliyefunga mabao 16, akifuatiwa na mwenzake wa klabu hiyohiyo, Chris Mugalu, mwenye mabao 15. Timu hiyo ilipoteza michezo mitatu tu: ule wa Sumbawanga, ule wa Ruvu Shooting, na ule wa Julai 3, 2021 dhidi ya Yanga.

Ni dhahiri kwamba timu yenye wafungaji wawili wa juu wa ligi haikuwa na njaa ya washambuliaji. Upungufu wake ulikuwa nyuma yao. Kiungo mkabaji kutoka Brazil, Gerson Fraga, alikuwa ameumia, na hapakuwa na mtu wa aina yake wa kuilinda safu ya ulinzi. Huo ulikuwa upungufu wa fungu la pili, yaani mtu mmoja asiye na mbadala.

Klabu ililiona hilo. Ilimsajili Taddeo Lwanga, kiungo mkabaji kutoka Uganda. Januari 2021 ikaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuifunga FC Platinum ya Zimbabwe 4-0, na mwezi huohuo Didier Gomes Da Rosa akapokea kijiti cha ukocha kutoka kwa Sven Vandenbroeck. Februari iliifunga AS Vita 1-0 ugenini Kinshasa, kisha Al Ahly ya Misri 1-0 jijini Dar es Salaam kwa bao la Luis Miquissone, na hatimaye ikaongoza kundi lake. Lwanga huyohuyo ndiye aliyefunga bao pekee la fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam dhidi ya Yanga, iliyochezwa Kigoma Julai 25, 2021.

Hata hivyo, upungufu mwingine ulijitokeza katika robo fainali. Mei 15, 2021 Simba ilifungwa 4-0 na Kaizer Chiefs nchini Afrika Kusini. Bao la kwanza lilifungwa mapema na beki Eric Mathoho kwa kichwa. Katika marudiano Simba ilishinda 3-0, lakini ikatolewa kwa tofauti ya bao moja. Ushindi huo wa nyumbani ulithibitisha kuwa uwezo wa kufunga ulikuwepo; kilichokosekana ugenini ni uimara wa kukabiliana na mipira ya juu na utulivu baada ya kutangulia kufungwa.

Kuuza ni sehemu ya usajili

Mashabiki wengi huhesabu wanaoingia na kusahau wanaotoka. Katikati ya mwaka 2021 Simba iliwauza viungo wake wawili wabunifu: Clatous Chama alikwenda RS Berkane ya Morocco, na Luis Miquissone akaenda Al Ahly. Nafasi zao zilijazwa na wachezaji kadhaa, akiwamo Pape Ousmane Sakho wa Senegal, ambaye bao lake lilikuja kutajwa na Shirikisho la Soka Afrika (CAF) kuwa bao bora la mwaka 2022.

Pamoja na vipaji hivyo vipya, ubingwa uliondoka Msimbazi baada ya misimu minne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Chama alirejeshwa Januari 2022, wakati Yanga ikiwa tayari imeshika usukani. Idadi ya wachezaji haikuwa imepungua. Kilichopungua ni kazi iliyokuwa ikifanywa na watu wawili waliozoeana, ambayo haikuweza kuhamishiwa kwa wageni katika maandalizi ya wiki chache.

Yanga ilivyotengeneza uti wa mgongo

Yanga iliyotoka sare Sumbawanga Desemba 31, 2020 ilikuwa na dalili za fungu la kwanza na la tatu kwa pamoja. Ilianza msimu na kocha Zlatko Krmpotić, ikaachana naye mwanzoni mwa Oktoba, ikamchukua Cedric Kaze, ikaachana naye Machi 2021, kisha Aprili ikamkabidhi timu Nasreddine Nabi. Timu inayofundishwa na walimu watatu katika msimu mmoja haiwezi kujua kwa hakika kama wachezaji wake ni dhaifu au wanachanganywa na maelekezo.

Mwezi huo wa Aprili Yanga ilirudi Nelson Mandela katika Kombe la Shirikisho la Azam na kuitoa Prisons kwa bao 1-0. Hata hivyo, msimu ulimalizika ikiwa nafasi ya pili kwa pointi 74, tisa nyuma ya Simba.

Usajili uliofuata ndio unaostahili kusomwa na kila mwenye kupenda mjadala huu. Yanga haikununua mshambuliaji mmoja na kuliacha suala hapo. Ilijenga uti wa mgongo wa timu kuanzia golini: kipa Djigui Diarra kutoka Mali, beki wa kulia Djuma Shabani na mtu wa ulinzi na kiungo Yannick Bangala, wote Wakongo, kiungo mkabaji Khalid Aucho wa Uganda, na mbele yao mshambuliaji Fiston Mayele kutoka AS Vita. Mwalimu alibaki yuleyule.

Desemba 2021 timu hiyo mpya ilipanda tena Sumbawanga na kuifunga Prisons 2-1 katika mchezo wa ligi. Uwanja ulikuwa uleule, na mwezi uleule wa mvua. Msimu wa 2021/22 ulimalizika Yanga ikiwa bingwa bila kupoteza hata mchezo mmoja kati ya 30. Mwendo wake wa michezo 49 ya ligi bila kufungwa ulikatishwa Novemba 29, 2022 na Ihefu, iliyoshinda 2-1 huko Mbarali, mkoani Mbeya.

Lipo jambo jingine la kuzingatia. Mfungaji bora wa msimu huo wa 2021/22 hakuwa Mayele, aliyefunga mabao 16, bali mzawa George Mpole wa Geita Gold, aliyefunga 17. Na Mayele alipoondoka kwenda Pyramids ya Misri mwaka 2023, Yanga haikutegemea mtu mmoja wa kufanana naye. Mabao yalitoka kwa kiungo Stephane Aziz Ki, aliyefunga 21 katika msimu wa 2023/24, na ubingwa ukabaki Jangwani.

Mwinuko, mvua na safari

Sababu inayotajwa sana na mashabiki wa Simba na Yanga wanapoulizwa kuhusu Sumbawanga ni hali ya mahali penyewe. Hoja hiyo ina ukweli, ingawa haitoshi.

Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Katika mwinuko huo mgandamizo wa hewa hupungua kwa karibu moja ya tano ukilinganishwa na pwani, na mchezaji aliyetoka Dar es Salaam siku moja au mbili kabla ya mchezo huvuta pumzi nyingi zaidi kwa kazi ileile. Mpira nao hukatiza kwa kasi zaidi katika hewa nyepesi, hivyo kipa na mabeki hukosea kukadiria pasi ndefu na krosi.

Suala la mwinuko liliwahi kuigawa dunia ya soka. Mei 2007 Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA) lilipiga marufuku michezo ya kimataifa katika viwanja vilivyo juu ya mita 2,500, hatua iliyopingwa vikali na Bolivia na majirani zake wa Amerika Kusini. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka uliofuata. Sumbawanga iko chini ya kiwango hicho, lakini ni juu vya kutosha kumchosha mgeni katika dakika 20 za mwisho.

Kuna pia umbali. Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara, kupitia Mbeya na Tunduma. Na mvua za Ufipa, zinazonyesha kwa kawaida kati ya Novemba na Aprili, hubadilisha uwanja wa nyasi kiasi kwamba timu inayopenda pasi fupi za chini hulazimika kucheza mipira mirefu.

Mambo hayo huongeza uzito wa swali la kikosi kipana. Tangu mwaka 2020, wakati wa janga la Uviko-19, timu ziliruhusiwa kubadilisha wachezaji watano badala ya watatu, na mwaka 2022 kanuni hiyo ikawa ya kudumu. Mwalimu mwenye benchi lenye wachezaji watano wa kuaminika anaweza kuukabili mwinuko. Mwenye wawili tu atafungwa na miguu ya wachezaji wake kabla ya kufungwa na mpinzani.

Lini na vipi timu husajili

Wakati mwingine mashabiki hudai mchezaji fulani asajiliwe wiki hiyohiyo. Kanuni haziruhusu. Katika Tanzania yapo madirisha mawili ya usajili: dirisha kubwa, linalofunguliwa katikati ya mwaka baada ya msimu kumalizika, na dirisha dogo, ambalo kwa desturi huwa kati ya Desemba na Januari.

Dirisha kubwa ndilo la kujenga timu, kwa kuwa linafuatwa na kambi ya maandalizi. Dirisha dogo ni la kuziba pengo, kama Simba ilivyofanya kwa Lwanga. Mchezaji anayetoka nje ya nchi huhitaji hati ya uhamisho wa kimataifa inayopitia mfumo wa FIFA, na klabu iliyo katika mashindano ya Afrika humsajili pia CAF. Mchezaji anaweza kuruhusiwa katika ligi na akakosa nafasi katika orodha ya CAF.

Aidha, kuna ukomo wa wachezaji wa kigeni. Ukomo huo umekuwa ukiongezwa na Shirikisho la Soka Tanzania (TFF) kwa nyakati tofauti, na kuanzia msimu wa 2021/22 klabu ya Ligi Kuu iliruhusiwa kusajili hadi 12. Kwa hiyo kila mgeni anayeingia huchukua nafasi yenye hesabu, na kosa moja huigharimu klabu msimu mzima.

Funzo la timu ndogo

Msimu ule Prisons ilichukua pointi nne kati ya sita kutoka kwa Simba, kwani mchezo wa Dar es Salaam ulimalizika 1-1, na pointi mbili kutoka kwa Yanga kwa sare mbili. Jumla ni sita. Pamoja na ushujaa huo, timu hiyo ya Jeshi la Magereza, iliyokuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1999, haikumaliza katika nafasi nne za juu.

Sababu ni ya hesabu. Ligi ya timu 18 ilikuwa na pointi 102 za kugombewa. Michezo minne dhidi ya vigogo ilibeba pointi 12 tu. Zilizosalia 90 zilikuwa mikononi mwa timu nyingine 15. Timu yenye nidhamu ya kujilinda inaweza kumzuia Simba, lakini ili kupanda juu inahitaji watu wa kuzivunja timu ambazo nazo zimekuja kujilinda. Hilo ni hitaji la aina nyingine kabisa la mchezaji.

Mfano mwingine ni wa Biashara United ya Mara. Ilimaliza nafasi ya nne msimu wa 2020/21 na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Msimu uliofuata ikashuka daraja. Jirani na Rukwa, KenGold ya Chunya ilipanda Ligi Kuu mwaka 2024 na kushuka 2025 baada ya msimu mmoja. Na Ihefu, iliyoikatisha Yanga mwendo wake, ilihamishiwa Singida mwaka 2024 na kubadilishwa jina kuwa Singida Black Stars. Wenyeji wa Mbarali walibaki na kumbukumbu.

Swali la Rukwa

Mfano huo wa Mbarali unawagusa watu wa Sumbawanga. Prisons nayo ilikuwa mgeni hapa, na baadaye ikarejea Uwanja wa Sokoine, Mbeya. Kwa kipindi ilichokaa, kijana wa Milanzi aliweza kutembea kwenda uwanjani na kuona kwa macho yake kile alichozoea kubishania kwenye runinga. Ilipoondoka, mjadala ulirudi kwenye upungufu wa timu za Dar es Salaam.

Mkoa unaotaka timu yake wenyewe una njia moja iliyonyooka. Klabu huanzia ligi ya wilaya, ikashinda ligi ya mkoa, ikaingia Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, ikapanda First League, kisha Championship, ndipo ifike Ligi Kuu. Kila ngazi inadai gharama za usafiri, na klabu ya Rukwa husafiri mbali kuliko nyingi kwa sababu ya mahali mkoa ulipo.

Kwa klabu ya namna hiyo, maswali ya usajili ni yaleyale ya Simba na Yanga kwa kiwango kidogo cha fedha: nafasi ipi haina mtu, nafasi ipi ina mtu mmoja tu, na nafasi ipi inahitaji mwalimu badala ya mchezaji mpya. Tofauti ni kwamba haiwezi kwenda Kinshasa au Bamako kutafuta majibu. Itayatafuta Milanzi, Katandala, Chanji na Mazwi, kwa vijana waliokua wakikimbia katika hewa ya mita 1,800 na ambao mwinuko wa Ufipa si kisingizio kwao.

Mashabiki wanaoweza kutaja kwa mpangilio viungo wakabaji wote waliopita Msimbazi na Jangwani wana ujuzi wa kutosha kumtambua kijana wa kata yao anayeiweza kazi hiyo. Ujuzi huo ukielekezwa kwenye ligi ya wilaya, ambako watazamaji ni wachache na waamuzi wa vipaji ni wachache zaidi, viongozi wa klabu za Rukwa watakuwa na pa kuanzia dirisha la usajili linapofunguliwa.